Kibaraza cha tezi: mgeni apande botini kwa miguu yake

Msimu wa papa potwe, yule papa mkubwa mpole ambaye wageni huja kuogelea naye hapa Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, mgeni mmoja huweza kuingia majini na kutoka mara sita au saba asubuhi moja. Papa akionekana, watu wanashuka. Akizama, wanarudi botini na tunaanza kumtafuta upya. Kushuka si kazi, kazi ni kupanda. Ukingo wa boti nyingi za faiba uko juu ya maji sentimita sitini au sabini, na mtu aliyeogelea nusu saa mikono yake imeshakwisha nguvu. Hapo utaona mabaharia wawili wamemshika mama wa watu makwapani, wanamvuta kama jarife, tumbo na mbavu zinakwaruza ukingoni, naye anajilazimisha kucheka asionekane ameumia.

Siku moja tulimpandisha hivyo mzee wa miaka sabini na kitu. Alipovua fulana nikaona mchubuko kutoka kwapani hadi nyongani. Hakulalamika. Alikaa kimya njia nzima ya kurudi, na safari iliyofuata hakuingia majini. Wiki ile ndipo nilipoanza kutengeneza kibaraza cha kwanza: jukwaa dogo linalofungwa kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, karibu na usawa wa maji, lenye ngazi, mtu akanyage, asimame, aingie.

Kile cha kwanza kilikuwa kizuri kwa macho na kibovu kwa kazi, na ndiyo sababu mwongozo huu utakaa sana kwenye matundu na kidogo tu kwenye mbao. Nilipanga mbao za mvule, nikatoboa ukuta wa tezi, nikapitisha bolti, nikaweka washa za kawaida, nikapaka silikoni ya madirishani. Msimu wa pili nikaona mchirizi wa kahawia chini ya bolti moja. Nikaishika kuijaribu, ikatoka kwa vidole, na nyuma yake ukatoka ujiuji mweusi unaonuka kama maganda ya nazi yaliyozamishwa. Ndani ya ule ukuta wa faiba kuna mbao, na mbao zile zilikuwa zimeoza. Mashine yangu ya nguvu za farasi 40 ilikuwa inaning'inia kwenye ukuta huo huo. Kufumua tezi na kuijenga upya kulinigharimu mara nyingi zaidi ya kibaraza chenyewe.

Boti gani inafaa

Ninachoeleza hapa ni cha boti ya faiba yenye tezi bapa na mashine moja ya nje katikati. Mfano wangu ni boti ya mita 7, ukuta wa tezi upana wa sentimita 170. Vipimo vyako vitatofautiana na hivi, lakini njia ya kuvipata ni hii hii. Ngalawa, au dau lililochongoka pande zote mbili, halina pa kufungia kibaraza. Huko tengeneza ngazi ya ubavuni. Mashua ya mbao yenye tezi bapa inawezekana, mradi bolti zishike mataruma (mbavu za chombo) na mbao nene za ndani, zisiachiwe ubao wa nje peke yake.

Kabla hujanunua hata skrubu moja, jaza mafuta, weka nanga na vitu vyote vya safari, kisha waambie watu wawili wazima wakae juu ya ukuta wa tezi, kila mmoja upande wake. Angalia pengo lile inapokaa mashine. Maji yakikaribia kuingia hapo, au yakianza kurudi ndani kupitia matundu ya kutolea maji, boti hiyo haiwezi kubeba watu nyuma yake, na hakuna ufundi utakaobadilisha hilo. Acha, au hamishia mbele betri na tangi la mafuta halafu ujaribu tena.

Kama chombo ni cha biashara, mwone mkaguzi kabla ya kutoboa: TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kwa Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar. Umebadilisha chombo na umeongeza uzito nyuma, ni haki ajue mapema kuliko kukikuta siku ya ukaguzi.

Hatua ya kwanza: sikiliza ukuta wa tezi

Chukua bisibisi yenye mpini wa plastiki. Kwa mpini, gonga ukuta wote taratibu, mstari kwa mstari, nje na ndani. Mbao nzima hutoa sauti kavu, kali, inayorudi. Mbao iliyooza au faiba iliyoachana na mbao hutoa sauti nzito, butu, kama unagonga papai bivu. Zungushia penseli kila mahali penye sauti butu, hasa chini ya mashine na kuzunguka matundu ya zamani.

Kisha toboa kwa ndani, mahali ambapo bolti itapita baadaye, tundu dogo la milimita 4. Usivuke upande wa pili. Zile nyuzi zinazotoka na biti usizipulize. Zikusanye kiganjani uziangalie. Zikiwa nyepesi, rangi ya mbao, zinakatika ukizisugua, mbao yako ni nzima. Zikiwa nyeusi, zinagandana na kuacha unyevu kwenye ngozi, umejiepusha na yaliyonipata mimi. Tengeneza tezi kwanza. Kibaraza kinaweza kusubiri mwaka mzima, tezi haiwezi.

Hatua ya pili: pimia majini

Kosa la wengi ni kupima boti ikiwa pwani, juu ya magogo. Mstari wa maji hauko pale unapodhani. Shusha boti asubuhi bahari ikiwa shwari, pakia mizigo na watu kama safari ya kweli, halafu mtu aingie majini na kalamu ya nta aweke alama usawa wa maji kwenye ukuta wa tezi, kushoto na kulia.

Kutoka alama hiyo panda sentimita 20, na hapo ndipo uso wa kibaraza utakapokuwa. Kikiwa chini zaidi, kila wimbi litakipiga kwa chini na mwendo wa boti utapungua. Kikiwa juu zaidi, goti la mtu aliyechoka halikifikii.

Sasa mashine. Mwambie mwenzako aikunje hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, kisha ainyanyue juu kabisa kama mnavyofanya maji yakipwa, halafu aikunje tena ikiwa juu. Angalia inafagia wapi. Kwenye boti yangu ilihitaji sentimita 70, nikaongeza 5 kila upande. Zilizobaki ni 45 kushoto na 45 kulia. Nikaondoa 3 kwa nje ili kibaraza kisitokeze ubavuni na kugonga gati au boti jirani. Kwa hiyo nina vipande viwili, kila kimoja upana wa sentimita 42, na kutoka ukutani kwenda nyuma ni 55. Kimoja kina ngazi, kingine ni cha kukalia mtu akivaa mapezi. Usishawishike kuunganisha vipande hivyo viwili kwa ubao mmoja mrefu nyuma ya mashine. Utaijutia siku utakapotaka kuinyanyua mashine kwa haraka juu ya mwamba.

Kata maboksi ya friji au ya televisheni kwa vipimo hivyo, yabandike kwa tepu mahali pake, urudie mizunguko yote ya mashine. Boksi likiguswa, punguza. Ni bora kukata boksi mara tano kuliko kukata stenlesi mara mbili.

Hatua ya tatu: hesabu inayoamua kila kitu

Hapa naomba utulie kidogo, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la saba na ndiyo inayozuia ajali.

Kibaraza kinashikwa na braketi zenye umbo la pembetatu: mkono mlalo juu, mguu wa mshazari chini, na bamba wima linalolala ukutani. Mtu akisimama ukingoni, bolti za juu zinavutwa kutoka ukutani na za chini zinasukumwa kuingia ukutani. Zinavutwa kwa nguvu gani? Chukua uzito, zidisha kwa umbali wake kutoka ukutani, gawanya kwa kimo kati ya bolti za juu na za chini.

Tuseme watu wawili wamebanana kwenye kipande kimoja, kilo 150 kwa jumla, sentimita 50 kutoka ukutani. Braketi ikiwa na kimo cha sentimita 30, bolti za juu zinavutwa kwa 150 × 50 ÷ 30, yaani kilo 250. Ukiona uchoyo wa chuma ukafanya kimo kiwe 15, mvuto unakuwa kilo 500, na hapo watu wamesimama tu. Mtu akiruka, au boti ikipanda wimbi na kushuka, zidisha mara mbili. Ndiyo maana kibaraza chembamba kilichofungwa kwa engo mbili fupi hukaa vizuri mwezi mmoja kisha kuanza kucheza.

Kimo cha sentimita 30 kinamaanisha mguu wa chini utaingia majini kama sentimita 10 boti ikiwa imesimama. Hilo halina neno, mradi mwisho wa mguu ubaki juu ya ukingo wa chini wa tezi. Mimi huacha sentimita 10 au zaidi. Ukishuka hadi ukingoni kabisa, maji yanayotoka chini ya boti kwa kasi yatagonga chuma, yatarusha povu kwenye pangaboi na mashine itaanza kulia ovyo.

Hatua ya nne: vyuma

Stenlesi ni za aina nyingi. Ya jikoni ni 304, ya baharini ni 316. Mafundi wengi watakuambia uijaribu kwa sumaku. Sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida kilichong'arishwa, lakini haitakutofautishia 304 na 316, maana zote mbili karibu hazishiki. Kwenye bolti tazama kichwani: maandishi A2 ni ile ya jikoni, A4 ndiyo 316. Bolti isiyo na maandishi mimi siiweki karibu na maji ya chumvi.

Kwa kila kipande tengeneza braketi mbili, umbali wa sentimita 30 kati yake, kwa bomba la milimita 25 na bamba la milimita 5. Bamba la ukutani liwe na matundu manne ya bolti za milimita 10, mawili juu, mawili chini. Braketi mbili ziunganishwe kwa bomba la kukingama ili zisiyumbe kushoto na kulia.

Mwambie wazi mchomeleaji atumie waya wa 316L na brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Brashi ya chuma huacha chembe zinazoshika kutu, na ndani ya mwezi utadhani umeuziwa bati. Baada ya kuchomelea, weusi wote uondolewe na ung'arishwe, kwa kuwa kutu huanzia kwenye maungo. Kama mfuko hauruhusu 316, tumia chuma cha kawaida kilichochomelewa na kutobolewa kwanza kisha kikazamishwa kwenye zinki. Kitadumu miaka kadhaa, lakini usikitoboe tena baada ya kuzamishwa.

Hatua ya tano: mbao

Mvule ndio ninaoutumia. Unastahimili maji, haujikunji ovyo, na mafundi wa pwani wanaujua kwa mkono. Vumbi lake linawasha ngozi na kukaba kifua, kwa hiyo vaa barakoa unapopiga msasa. Mtiki, ambao wazee waliuita msaji, ni bora zaidi kwa miguu mitupu. Unapatikana kutoka mashamba kama Longuza, Muheza. Mafuta yake yanakataa gundi, hivyo ufute kwa asitoni mara mbili kabla ya kubandika chochote. Mninga nao unafaa, na mbambakofi ni mgumu sawasawa, ila ni mzito, na uzito nyuma ya boti hatuutaki.

Tahadhari na ile inayouzwa madukani kwa jina la marini bodi, yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa. Imetengenezwa kwa ajili ya kumimina zege. Plaiwudi ya kweli ya boti hupigwa muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza. Ukiwa na shaka, kata kipande cha kiganja, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, ukikaushe, urudie. Kikifumuka tabaka, kimekupa jibu. Kwa kibaraza hata hivyo mimi sipendi plaiwudi ya aina yoyote, kwa sababu utahitaji mapengo.

Wapo wanaoniuliza kuhusu mbao za plastiki iliyorejelewa. Lamu walionyesha mwaka 2018 kwamba inawezekana, walipoijenga Flipflopi, jahazi la mita 9 la plastiki iliyookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Kwa kibaraza plastiki haiozi na haihitaji rangi. Udhaifu wake ni jua: ikipata joto inalegea na kubonyea katikati, kwa hiyo iwekee mihimili karibu karibu, kila sentimita 15 hivi, na usitegemee gundi, haishiki. Bana kwa skrubu na bolti tu.

Kata vipande vya upana wa sentimita 6 na unene wa milimita 22. Vipange kwa pengo la milimita 8 hadi 10. Pengo hili ndilo linaloruhusu wimbi lipite. Ukipunguza mwendo ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufuata na kuinuka nyuma ya tezi. Kibaraza kilichozibwa hupokea pigo lote, chenye mapengo hubaki kimelowa tu. Usizidishe pengo, kuna vidole vya watoto.

Lainisha kona zote hadi ziwe mviringo unaoweza kuupitishia kiganja bila kuhisi makali. Skrubu zipigwe kutoka chini, zisitokeze juu. Usipake vanishi, inateleza kama sabuni na inabanduka kwa jua. Mbao ikiachwa wazi hupauka kijivu, na mguu unaishika vizuri sana.

Hatua ya sita: matundu

Pandisha boti juu ya alama ya maji makubwa. Wengine hufanya kazi hii bamvua, boti ikiwa imekaa mchangani, wakidhani saa zile za maji kupwa zitatosha. Gundi haitakauka. Unahitaji siku tatu au nne za kavu.

Weka braketi ukutani, hakikisha kwa pimamaji kwamba zote nne ziko sawa (boti yenyewe iwe imenyooshwa kwanza), weka alama. Halafu ingia ndani uangalie kila alama itatokea wapi. Waya, bomba la mafuta, tangi: usitoboe kwa kubahatisha.

Bolti yako ni ya milimita 10. Usitoboe tundu la 10. Bandika tepu ya karatasi juu ya alama, biti isiteleze na kumega jelikoti (ngozi ya nje inayong'aa ya faiba), kisha toboa tundu la milimita 16 kupitia faiba ya nje na mbao, uishie kwenye faiba ya ndani bila kuivuka. Safisha vumbi, acha tundu likauke siku nzima. Ziba nje kwa tepu ukiacha nafasi ndogo juu, changanya epoksi na hadina (dawa yake ya kugandisha) kwa kipimo cha kopo, paka kwanza nyembamba kwa brashi ndogo inywewe na mbao, kisha iliyobaki ifanye nzito kwa unga wake hadi iwe kama ugali wa mgonjwa, uisukume ndani kwa bomba la sindano lililokatwa mdomo. Jaza pomoni. Usichanganye nyingi kwa pamoja. Kwa joto letu kopo la nusu lita linaweza kuchemka mkononi na kuganda hujamaliza tundu la tatu.

Kesho yake toboa tundu la milimita 10 katikati ya ule mchi wa epoksi, na safari hii vuka hadi ndani. Ukichungulia utaona duara la kahawia linalong'aa kama kahawa iliyomwagwa, limeizunguka bolti pande zote. Maji yakija kupita kando ya bolti, yatakutana na epoksi, mbao hayatazigusa. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya kibaraza changu cha kwanza na cha pili. Mwisho, kwa biti kubwa, panua kidogo mdomo wa tundu kwa nje upate kijibakuli cha kukalia gundi.

Kijana anayejifunza kwangu aliniuliza, "Mjomba, si tupake tu gundi nyingi nje, tumalize leo?" Nikamkabidhi kile kipande cha mbao nyeusi nilichokitoa kwenye tezi ya zamani, bado ninacho kwenye sanduku la spana. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Akachukua biti ya 16.

Hatua ya saba: kufunga

Ndani ya ukuta, nyuma ya bolti, weka bamba la stenlesi la milimita 5, kubwa kuliko lile la nje kwa sentimita 3 kila upande. Washa peke yake hutafuna faiba. Bamba likae juu ya epoksi nzito ili liguse ukuta wote, na pembe zake uzipige tupa zisikate. Bamba la aluminiamu pamoja na bolti za stenlesi usiliweke. Kwenye unyevu wa chumvi aluminiamu italiwa na kuwa unga mweupe.

Gundi ya kuzibia iwe ya poliyurithani ya baharini. Silikoni ya madirishani hapana, haishiki vizuri chini ya maji na ikishagusa faiba hakuna rangi wala gundi nyingine itakayokubali hapo. Paka nyuma ya bamba la braketi, paka shingo ya kila bolti, jaza vijibakuli.

Kaza kwa awamu mbili. Leo kaza hadi gundi itokeze pande zote, kisha acha. Kesho, ikiwa imeshika kama mpira, kaza mwisho. Kila mara zungusha nati kwa ndani huku mwenzako ameshika kichwa cha bolti nje kisitembee. Ukizungusha bolti unakata ile gundi uliyoisubiri usiku kucha. Tumia nati zenye pete ya nailoni, na uzi wa bolti upake mafuta kidogo, maana stenlesi kwa stenlesi hung'ang'aniana hadi ukalazimika kuikata.

Ngazi

Ngazi fupi ni sawa na kutokuwa na ngazi. Kipago cha chini lazima kiwe angalau sentimita 60 chini ya maji, mtu aliyechoka aweze kuweka mguu bila kupandisha goti kifuani. Vipago viachane sentimita 25 hadi 28, na viwe bapa, upana wa kiganja. Bomba la mviringo linauma unyayo, na mwenye mapezi hawezi kulikanyaga kabisa.

Ifunge kwa bawaba ikunjwe juu ya kibaraza boti ikitembea, na komeo lake liweze kufunguliwa na mtu aliye majini, peke yake, kwa mkono mmoja. Jaribu mwenyewe: ruka, ogelea hadi tezi, fungua. Nahodha akianguka usiku akiwa peke yake botini, komeo hilo ndilo litakalomrudisha nyumbani.

Weka pia vishikio viwili juu ya ukuta wa tezi. Watu wengi hupanda kwa mikono kabla ya miguu.

Jaribio na kanuni za matumizi

Shusha boti, iache izoee maji, ingia ndani na tochi uangalie kila bolti. Kavu? Sasa watu wawili wasimame kwenye kipande kimoja, warukeruke. Wewe uwe ndani, kidole juu ya bamba. Ukisikia ukuta unapumua, yaani unaenda na kurudi, kibaraza hakijafuzu. Ongeza bamba la ndani liwe kubwa zaidi au mihimili. Kisha nenda mwendo wa safari, punguza ghafla, kata kona kali pande zote mbili. Pangaboi likianza kuvuta hewa kwenye kona, mguu wa braketi uko chini mno. Ukimaliza, piga mstari wa rangi ya kucha kutoka nati hadi bamba. Nati ikilegea, mstari utakatika na utaona kwa jicho tu.

Kwa wageni: mtu mmoja kwa kila kipande. Mashine izimwe kabisa kabla mtu hajakaribia tezi, isiachwe hata kwenye gia huru, na ufunguo uwe mfukoni mwa nahodha. Kibaraza kinawaleta watu sentimita chache kutoka kwenye pangaboi, na hakuna haraka ya papa potwe inayostahili mguu wa mtu. Moshi wa mashine nao hukusanyika pale pale nyuma, hauonekani wote, na mtoto aliyekaa kwenye kibaraza mashine ikinguruma anauvuta. Boti ikitembea, kibaraza ni kitupu.

Matunzo

Kila jioni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ndoo mbili zinatosha, hasa kwenye maungo ya kuchomelea na bawaba. Kila mwezi pitisha macho kwenye ile mistari ya rangi ya kucha. Na kabla ya kila msimu, boti ikiwa juu, toa bolti moja tu, ya chini, ile inayokaa majini. Ingiza tambi ya pamba kavu ndani ya tundu uisokote, uitoe uitazame juani. Ikitoka nyeupe, paka gundi mpya, rudisha bolti, endelea na msimu. Ikitoka na rangi ya chai, toa zote siku hiyo hiyo.